Nakuru hadi Khayega: sello, pembe na mtu wa miguu ya swala

Jumatano

Sello yangu, fidla kubwa ya kupigwa ukiwa umeketi, ililipiwa nauli. Makanga wa stejini Nakuru alilizunguka sanduku lake, akaligonga konzi mbili, akatangaza kwamba huyo ni abiria kamili na tena mnene. Hatukubishana. Ikawekwa dirishani nyuma ya dereva, ikafungwa mkanda kwa sababu ya polisi wa barabara ya Salgaa, nami nikakaa ubavuni mwake. Abiria wa kiti cha nyuma alitaka kujua kama ndani mna mtu. Nikamwambia hamna. Akasema basi mkanda ni wa nini.

Tuko wanne, na bendi yetu haina jina kwa sababu kila jina lililopendekezwa limepigiwa kura likaanguka. Wenzangu hawataki kuandikwa, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao: Gitaa, ambaye ni mtoto wa shangazi yangu, Filimbi, mwalimu wa shule ya msingi, na Sauti, anayeimba. Onyesho letu lilikuwa Kisumu, Ijumaa usiku. Njia fupi ni Kericho, Awasi, Ahero, umefika. Lakini Sauti alikuwa na lake Kapkatet, na Gitaa alikuwa na lake kwenye mapambano ya mafahali wa Khayega, ndiyo maana tukatoka siku mbili kabla, tukiwa na nguo chache na nyaya nyingi.

Watu wakituuliza tunapiga muziki gani, Gitaa hujibu kwamba ni saikedeliki, yaani wa kulevya akili. Mama yake hujibu kwamba ni wa matanga. Nadhani shangazi anakaribia zaidi. Hatuna ngoma kubwa wala besi ya umeme. Tunaketi vitini, kila mtu na chombo chake, kwa sauti inayotosha chumba kimoja, na nyimbo zetu ni za malisho, mito, mvua na watu waliokwenda kuchunga wasirudi jioni. Mtindo huo hatukuubuni sisi. Ulitujia kwa simu, usiku wa manane, saa ambazo bando ni rahisi.

Wa kulaumiwa ni Comus, bendi ya vijana wa Bromley, pembezoni mwa London. Jina walilitoa kwenye mchezo wa John Milton ulioigizwa 1634: Comus ni mchawi wa msituni anayemnasa binti aliyepotea njia, na wafuasi wake wana miili ya watu na vichwa vya wanyama. Albamu yao ya kwanza, First Utterance, ilitoka 1971. Mna fidla, filimbi, obo (zumari la Kizungu), magitaa yasiyo na umeme na ngoma za kupigwa kwa viganja. Roger Wootton anaimba akikwaruza koo, Bobbie Watson anamjibu kutoka juu kwa sauti laini, na ule ulaini ndio unaotisha. Nyimbo zenyewe ni za mauaji, kichaa na kukimbizwa porini. Picha ya jalada, mwili uliokunjamana kwa uchungu, Wootton aliichora mwenyewe kwa bairo. Wanunuzi hawakujitokeza. Mwaka 1974 wakatoa ya pili, iliyolainishwa, kisha wakatawanyika. Waliowafufua ni wapenzi wa muziki wa metali wa Uswidi, na mwaka 2008 Comus wakapanda tena jukwaani, ndani ya meli ya tamasha hukohuko Uswidi.

Kwa anayetaka hali hiyo ikiwa imepoa kidogo kuna Espers, wa Philadelphia, waliotoa albamu zao kati ya 2004 na 2009. Sello ya Helena Espvall katika bendi hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe yangu chini ya kitanda, ambako ilikuwa imelala tangu siku za tamasha za muziki za shule. Espers wanaimba kama kwamba jambo baya limeshatokea na nyasi zimeota juu yake. Comus wanaimba likiwa linatokea. Sisi tunajaribu kukaa katikati, na mara nyingi tunaangukia kwa shangazi.

Makutano ya Londiani hakuna aliyezungumza garini. Juni 30, 2023 lori lilitoka barabarani pale likawakanyaga wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja magari. Walikufa zaidi ya 50. Dereva alizima redio bila kuambiwa, akaiwasha tulipoanza kuteremka kuelekea Kericho. Kericho mvua ilitupokea mchana, kama desturi yake. Mashamba ya chai ni mazuri kuyatazama kwa muda mfupi; baada ya hapo ni kijani kilichopigwa pasi.

Kapkatet iko mbele ya Litein ukielekea Sotik. Ni mji mdogo wenye hospitali, maduka na boda nyingi kuliko abiria. Hapa, mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, aliwanasa Wakipsigis wakiimba nyimbo kadhaa kuhusu mtu aitwaye Chemirocha. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku na gramafoni za Wazungu, ile sauti yake ikivunjika kooni na kuruka juu ghafla. Lakini katika wimbo wa tatu, unaoongozwa na Chemutoi Ketienya akiwa na wasichana wenzake na kinubi, hakuna Mmarekani tena. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, Chemirocha amekuwa nusu mtu nusu swala, na wasichana wanamchochea acheze, aruke, azidi kuruka mpaka nguo zimtoke mwilini. Tracey mwenyewe alimlinganisha na Pan, mungu wa wachungaji wa Wagiriki. Rekodi hizo ziko katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala zake zilirudishwa kwa Wakipsigis wenyewe.

Sasa fikiria sisi, watu wa Nakuru, tumehangaika miaka tukichimba mchawi wa msituni wa Waingereza, kumbe saa chache kutoka nyumbani kuna mwenye kwato wake mwenyewe.

Bibi yake Sauti anaishi mwendo wa boda kutoka sokoni. Sauti humwita Kogo, nasi tukafuata. Alitukaribisha kwa mursik, maziwa ya kibuyuni yaliyotiwa mkaa wa mti, akamwangalia Filimbi akimeza kwa tahadhari.

"Mwalimu, hiyo si dawa," akamwambia.

Baada ya chakula Sauti akamwekea Chemirocha kwenye simu. Kogo alisikiliza wimbo mzima, akataka urudiwe, akasikiliza tena akiwa ameziba sikio moja.

"Hawa wanaimba kama watu waliokatazwa kucheka," akasema.

Filimbi, ambaye darasani na nje ya darasa hupenda jibu lililonyooka, akamuuliza kama ni kweli watu waliamini mtu huyo ana miguu ya swala.

"Mwalimu, wewe ulimwona huyo Mzungu akiimba?"

"La, Kogo. Alikufa zamani."

"Basi na wao hawakumwona. Sauti inayotembea peke yake lazima mtu aipe miguu. Na miguu iliyokuwako hapa ni ya ng'ombe, mbuzi na swala. Ng'ombe hachezi."

Gitaa aliyaandika hayo kwenye simu palepale mbele yake, na Kogo hakupendezwa. Ili kumtuliza tukamwekea Comus. Alivumilia kama dakika moja.

"Huyu anaumwa?"

"Haumwi, Kogo. Anaimba."

"Mpeni maziwa."

Usiku Sauti alikaa jikoni na Kogo akijifunza mwitikio wa wasichana. Kogo alimkatiza kila mstari. Kosa lake, kwa mujibu wa Kogo, lilikuwa kuimba kwa huzuni wimbo ambao wenyewe wanautania. Niliposikia hivyo nilikaa macho. Tumezoea kuweka giza kwenye muziki kwa kupunguza mwendo na kushusha uso. Wasichana wa 1950 wanaimba kwa furaha kumwita mnyama mwenye nusu ya mtu aje avuliwe nguo kwa ngoma, na ukiukuta wimbo huo usiku peke yako, hutalala.

Alhamisi

Sotik, Kisii, Oyugis, Sondu, Ahero, Kisumu. Siku ya kukalia kiti.

Kisii nilitaka kuona obokano ikitengenezwa, lakini fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa amekwenda matangani, na matanga hayangojewi mlangoni. Obokano ndicho kinubi kikubwa cha Abagusii: nyuzi nane, bakuli la mbao lililowambwa ngozi, na mlio wa chini unaonguruma hata baada ya kidole kuondoka. Ningekuwa na uwezo ningeipeleka Bromley ya 1970 kwa nguvu. Muziki wa saikedeliki watu huuhusisha na dawa za kulevya, na ni kweli Uingereza na Marekani ya miaka ile vitu hivyo vilikuwepo. Ila masikioni, kinachofanya kazi ni mambo mawili tu: uzi mmoja usionyamaza chini ya wimbo, na kurudia fungu fupi mpaka msikilizaji apoteze hesabu ya muda. Vinubi vya magharibi mwa Kenya vina yote mawili bila kumeza chochote.

Kutoka milima ya Kericho, ambako tulilala chini ya blanketi mbili, hadi ziwani, takribani mita 1,130 juu ya bahari, mbao za sello zilikasirika. Vigingi vililegea, nyuzi zikashuka kabla sijafungua sanduku. Kisumu ilikuwa na joto la kubandika shati mgongoni. Tulikula ngege mzima na ugali, kwa mikono, wala hakuna aliyezungumzia muziki mpaka mifupa ilipobaki.

Ijumaa

Asubuhi tulikwenda Kit Mikayi, Seme, ukishika barabara ya Bondo. Ni majabali makubwa yaliyopandana, yenye mapango na nyufa za kupita mtu mmoja mmoja. Hadithi yake huijua kila mtu wa hapo: mzee mmoja aliyapenda mawe yale hata akawa anashinda huko kila siku, mkewe wa kwanza akilazimika kumpelekea chakula, mpaka watu wakasema jiwe ndilo mke mkubwa. Waumini huja kufunga na kuomba ndani ya nyufa, wengine kwa siku kadhaa. Tulipokuwa tukipanda kulikuwa na sauti ya mwanamke akiomba mahali fulani chini yetu, kwa Kijaluo, kwa mdundo ule ule mmoja. Hatukumwona. Filimbi alianza kutoa chombo chake ajaribu mwangwi, Sauti akamshika mkono. Namuunga mkono Sauti. Kuna mahali pa kujaribu mwangwi na mahali ambapo mtu mwingine tayari anautumia.

Mchana wote tulikuwa tunafanya mazoezi na kubishana kuhusu Ayub Ogada, mwimbaji na mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Gitaa anadai kwamba hakuna haja ya kumtaja Comus hata mmoja wakati yupo Ogada, na kwa hoja hiyo ananishinda kila mara. Ogada alizaliwa Mombasa 1956, akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band, kisha akaenda Uingereza na nyatiti yake akapiga hata mitaani, mpaka albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka 1993 kwa kampuni ya rekodi ya Real World. Wimbo wake wa Kothbiro ulisikika dunia nzima baada ya kuingia kwenye filamu The Constant Gardener ya 2005. Alifariki 2019. Kothbiro ni wimbo wa kuwaita watoto warudishe ng'ombe nyumbani kwa sababu mvua inakuja. Hayo tu. Hakuna damu wala mchawi, na bado ukiusikia unajua kwamba mvua hiyo si ya kuchezewa. Mwingereza angehitaji obo na maiti mbili kufika hapo.

Onyesho lilikuwa kwenye mgahawa mdogo upande wa Dunga, viti vya plastiki, mbu, na friji iliyokuwa ikiguguma kwenye noti moja. Gitaa alituomba tuitumie kama chombo cha tano. Watu walikuwa wachache, nusu yao walikuja kwa samaki. Nyimbo mbili za mwanzo zilipokewa kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko kuzomewa. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama kuna ohangla, muziki wa Kijaluo wa kucheza, baadaye.

Mwenye mgahawa alikuwa amemwalika mzee mmoja wa nyatiti atufungulie, naye akachelewa, kwa hiyo akaja kutuingilia. Aliketi kwenye kigoda kifupi, nyatiti mbele yake, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa wasiowahi kumwona mpiga nyatiti kazini: vidole vya mikono vinacheza nyuzi nane, kile kidole cha mguu kinagonga fremu ya chombo, njuga zinajibu, na mdomo unaimba. Mtu mmoja ni kikundi kizima. Desturi ilisema ni chombo cha wanaume, ingawa Anyango, binti wa Kijapani aliyekuja kujifunza Siaya, ameshakizungusha duniani.

"Nyithinda, endeleeni," akasema. "Nitawafuata."

Hakutufuata. Alitusikiliza fungu moja, akatikisa kichwa, akaanza kukaza nyuzi zake kwa sikio, akiimba polepole kila uzi ili kuupima. Gitaa alimnyooshea simu yenye programu ya kupimia noti. Mzee akaitazama, akamrudishia kwa heshima. Alipomaliza, uzi wake wa tatu ulikuwa umekaa mahali ambapo gitaa haina mahali: kati ya chuma kimoja cha shingo na kinachofuata. Gitaa alipiga noti ya chini, ikagoma. Akapiga ya juu, ikagoma. Akaiweka gitaa magotini. Sello haina vyuma shingoni, kidole kinateleza hadi kinapotaka, nami nikateleza mpaka mtetemo ukatulia. Nililegeza uzi wangu mzito mpaka ukalingana na wake wa chini, nikauburuza kwa upinde bila kukata. Filimbi akaja juu kidogo sana. Sauti akaanza mwitikio wa Chemirocha, ule wa Kogo, kwa kutania, juu ya kinubi cha Kijaluo.

Sijui ilidumu muda gani. Watu wa samaki waligeuza viti. Yule wa ohangla alisimama akacheza peke yake, mabega tu, macho amefumba, na hakuna aliyemcheka. Pete ya mguuni ilikuwa ikigonga mahali ambapo sikuitarajia, nusu pigo kabla, na kila nilipofikiri nimeielewa ilikuwa imeshahama. Tulipomaliza mzee alimuuliza Sauti wimbo huo ni wa nani. Sauti akasema ni wa Wakipsigis, kuhusu Mmarekani.

"Mmarekani gani anayeruka hivyo?" akauliza mzee, akaagiza soda.

Jumamosi

Tuliondoka Kisumu giza likiwa bado zito. Kwenye mchezo wa mafahali ukichelewa utakuta kwato tu. Khayega iko kwenye barabara ya Kakamega, mahali pa kukatia kwenda Shinyalu, kama mwendo wa saa moja. Tukaiacha sello kwa mwenye nyumba ya wageni, na kwa mara ya kwanza safari nzima nikasafiri kwa nauli ya mtu mmoja.

Mchezo huu ni wa Waisukha na Waidakho, na hauna mtu mwenye upanga wala fahali anayeuawa. Fahali kwa fahali, pembe kwa pembe, mpaka mmoja ageuke akimbie. Fahali wa kupigana hufugwa kwa ajili hiyo, hawalimi, hawachanganywi na wengine. Watu husema hupewa busaa, pombe ya nafaka, na mengine yasiyotajwa. Mwenye fahali mmoja tuliyemuuliza alisema wake anakula nyasi tu. Gitaa alimtazama yule mnyama machoni akasema kama hiyo ni nyasi, basi yeye anahamia Khayega.

Kwanza hatukuona chochote. Tulisimama kando ya uwanja, ukungu umelala mpaka kiunoni, na kutoka upande wa Shinyalu ikaja isukuti. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazochezwa pamoja na njuga za chuma na pembe ya swala. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wanaoijua wanazeeka na vijana wachache wanashika. Kwenye karatasi hiyo ni habari ya kusikitisha. Kwenye ukungu ule haikuwa na dalili ya kuhitaji kuokolewa na mtu. Ngoma ndogo ilikuwa mbele ya zile nyingine kwa haraka isiyo ya kawaida, na juu ya yote pembe ilikuwa ikilia noti mbili, labda tatu, zilizopasuka. Ilikuwa ikitembea. Sauti akanishika kiwiko. "Kogo," akasema, na sikuhitaji maelezo. Kitu kilikuwa kinakuja kwa miguu ambayo hatukujua ni mingapi.

Kisha wakatoka: vijana wamefunga matawi vichwani, wengine na filimbi za refa, wakikimbia kwa hatua fupi, na katikati yao fahali mweusi, pua chini, akipumua moshi, mwenyewe akiwa ameshika fimbo na kumsemesha sikioni kwa Kiluhya cha kubembeleza. Upande wa pili kundi jingine, ngoma nyingine, mwendo mwingine. Makundi mawili yalipokaribiana isukuti mbili zilianza kugongana kabla ya mafahali, na mahali tuliposimama sikio la kushoto lilikuwa na wimbo mmoja na la kulia mwingine. Nimelipa fedha kununua rekodi za watu waliotafuta sauti hiyo studioni.

Pambano lenyewe lilikuwa fupi. Kichwa kikakutana na kichwa kwa mlio mkavu, wakasukumana wakichimba udongo, shingo zikavimba, kisha yule mwekundu akageuka ghafla na kukimbilia tulipo sisi. Wapiganapo mafahali ziumiazo ni nyasi, lakini nyasi za uwanja ule zilikwisha zamani, kwa hiyo zamu ilikuwa ya watazamaji. Filimbi alipanda mwembe kwa kasi isiyolingana na cheo chake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi hakusogea hata kidogo. Fahali alimpita kwa upana wa mkono naye akaendelea kurudisha chenji.

Fahali aliyeshinda alirudishwa kwao akiimbiwa. Tulilifuata kundi lake kitambo. Mpiga pembe, kijana wa umri wa shule ya upili, alimruhusu Filimbi aijaribu. Ikatoa hewa. "Usiipulize, iteme," akamwambia. Mara ya tatu ikalia, na ng'ombe wa boma la jirani wakainua vichwa vyote kwa pamoja.

Mchana tuliingia msitu wa Kakamega upande wa Isecheno. Ni kipande pekee kilichobaki Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo, na ukitoka kwenye shamba la miwa au chai ukaingia humo, mwanga unabadilika kama umezimiwa taa. Mbega walikuwa juu, weusi kwa weupe, wakirushana matawi. Hondohondo wakapita na ule mvumo wa mabawa yao, unaosikika kabla yao wenyewe. Tulikuwa tumepanga kurekodi sauti za msitu kwa ajili ya wimbo wetu mmoja, ule wa mto. Nilirekodi kiasi, nikaacha. Gitaa alisema msitu ulikuwa haufuati mapigo. Alikuwa akitania, ila ndivyo ilivyo: wimbo wetu wa mto ni mnyoofu mno, unakwenda kama mfereji wa jiji.

Jumapili

Tulirudi Kisumu kuichukua sello, kisha Ahero, Awasi, Kericho, nyumbani. Makanga wa zamu hii hakuitoza nauli, aliilaza juu ya mizigo, na nililala nusu usingizi nikisikiliza kila shimo la barabara kupitia mbao zake.

Kikao cha bendi tulikifanyia garini, kati ya Kericho na Mau Summit. Tumeondoa nyimbo mbili, ule wa mto na ule wa mazishi ya mchungaji, ambao Sauti anasema sasa hawezi kuuimba bila kumsikia Kogo akimkatiza. Uzi mzito wa sello unabaki nilipoulegeza kwa ajili ya yule mzee. Nimeweka alama kwenye kigingi kwa penseli. Filimbi ameagiza pembe kwa kijana wa Khayega na ametuma nusu ya pesa kwa M-Pesa. Gitaa anataka kung'oa vyuma vyote kwenye shingo ya gitaa lake la pili, la bei rahisi, aone litasema nini. Mama yake bado hajaambiwa, na kwa kuwa ni yeye aliyelinunua, nimekataa kuwa shahidi.

Jina la bendi lilipigiwa kura tena, karibu na Salgaa. Sauti alipendekeza jina la Chemirocha. Filimbi akapinga, akasema hilo lina wenyewe Kapkatet na hatujawaomba. Matokeo yakawa mawili kwa mawili. Kura inarudiwa Alhamisi, kwenye mazoezi, na Sauti ameshampigia Kogo simu amuulize.